Mgonjwa wa kisukari ni shahidi wa nafsi yake: aseme kweli, naye asaidiwe kuisema

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, ambaye hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na tiba yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumza jambo linalopita kila siku ya kliniki katika hospitali na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama, kama linavyopita kwingineko nchini, lakini ambalo ni nadra kulisikia likitajwa juu ya mimbari. Jambo lenyewe ni maneno machache yanayosemwa baina ya mgonjwa wa kisukari na yule anayemtibu. Daktari anauliza kama dawa zinanywewa sawasawa, na mgonjwa anajibu kuwa zinanywewa. Anaulizwa kuhusu chakula, naye anasema anafuata masharti. Anaulizwa kama ana tatizo lolote, anasema hana, alhamdulillahi. Daktari anaandika, na kile alichokiandika ndicho kinachogeuka kuwa dozi ya mwezi unaofuata. Swali letu ni hili: maneno yale yana uzito gani mbele ya Mwenyezi Mungu, na yasipokuwa ya kweli, nani anayeumia?

Ugonjwa unaotibiwa nyumbani

Malaria, ambayo watu wa kandokando ya Ziwa Victoria tunaijua vizuri, hutambulikana kwa tone la damu, hutibiwa kwa siku chache, na habari yake ikaisha. Kisukari sivyo. Huu ni ugonjwa wa miaka mingi, na sehemu kubwa ya tiba yake haifanyiki hospitalini bali nyumbani, jikoni, shambani na sokoni. Mgonjwa anayetoka Butiama akateremka hadi Makutano kutafuta gari la Musoma, akafika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa, hukaa mbele ya daktari dakika chache tu. Siku zote zilizobaki za mwezi ule, hakuna anayeyajua ya mgonjwa huyo ila Mola wake, yeye mwenyewe, na pengine aliye naye nyumbani. Kwa hiyo huyu si mgonjwa tu. Ni shahidi, na mara nyingi ni shahidi pekee.

Wala tusidhani kuwa habari hii inawahusu watu wachache. Mwaka 1989, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, ambao ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta watu tisa hivi katika kila 100 wana sukari iliyozidi. Tafiti hizo hazikufanana kwa watu waliopimwa wala kwa njia zilizotumika, lakini zinatosha kutuzindua. Aidha, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kuwa wanao. Maana yake ni kwamba hata kauli ya mtu mwenye afya machoni, anaposema kuwa yeye hana sukari, ni kauli inayohitaji kipimo.

Jibu linapogeuka kuwa dozi

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa Bunda, mfanyabiashara wa dagaa, ameandikiwa vidonge vya glibenklamidi asubuhi na jioni. Biashara imekuwa ngumu, hivyo ananunua nusu ya dawa na kumeza kidonge kimoja kwa siku. Siku ya kliniki sukari yake inasoma 15. Anaulizwa kuhusu dawa, anasema anameza zote, kwa sababu anaona haya kuutaja umaskini wake mbele ya wauguzi walio na umri wa wajukuu zake. Daktari afanye nini? Kwa ushahidi aliopewa, dozi kamili imeshindwa. Anaiongeza.

Baada ya wiki mbili anakuja mwanawe kutoka Mwanza. Anamnunulia baba yake dawa zote na kumsimamia azimeze. Sasa mzee anameza, kwa mara ya kwanza, dozi iliyopandishwa kwa sababu ya kauli isiyo ya kweli. Usiku anatokwa na jasho jingi, anatetemeka, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Wengine nyumbani wanadhani ni mashetani, wanaanza kumsomea. Kisomo ni kheri wala hatukipingi, lakini mzee huyu sukari yake imeshuka, na anachohitaji upesi, maadamu bado anaweza kumeza, ni maji ya sukari au soda yenye sukari. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Akicheleweshwa anaweza kupoteza maisha. Mwenye kutafuta chanzo cha balaa lile asimtafute mchawi. Chanzo ni neno moja lililosemwa kliniki.

Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, amewaamrisha walioamini wasimame imara katika uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao wenyewe. Aghalabu tunaposikia aya hii mawazo yetu huenda mahakamani, kwenye kesi za mashamba na mirathi. Lakini ni mahali gani ambapo mtu hutoa ushahidi juu ya nafsi yake mara nyingi zaidi kuliko mbele ya tabibu? Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), ametufundisha kuwa ukweli humwongoza mtu kwenye wema, na wema humfikisha Peponi, ilhali uongo njia yake ni kinyume cha hiyo. Hakulifungia fundisho hilo mlangoni mwa hospitali.

Mkweli anaweza kuwa si msahihi

Hata hivyo, itakuwa dhulma kusema kuwa kila habari isiyo sahihi ya mgonjwa ni uongo. Hapa elimu ya hadithi inatupa mwanga mkubwa. Wanazuoni wetu walipowachunguza wapokezi wa hadithi hawakuuliza tu kama mtu ni mwadilifu. Waliuliza pia kuhusu dhabti yake, yaani uimara wa kuhifadhi na kunukuu. Alikuwapo mpokezi mchamungu, asiyesema uongo kamwe, lakini kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu, na riwaya yake ikahesabiwa dhaifu bila yeye kuvunjiwa heshima. Ukweli wa moyo ni jambo moja, na usahihi wa habari ni jambo jingine.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa. Yupo anayesema kwa nia safi kwamba hajawahi kuacha dawa, na kumbe mwezi uliopita aliacha siku sita alipokwenda msibani, amesahau. Dawa ya udhaifu wa dhabti ni kalamu. Daftari dogo lenye tarehe, saa, kiwango cha sukari na dawa iliyotumika lina faida kuliko kumbukumbu ya mtu hodari. Kama mzee hajui kuandika, mjukuu anajua.

Lakini daftari nalo linataka mwandishi mwaminifu. Mwaka 1984, Roger Mazze na wenzake walichapisha katika The American Journal of Medicine utafiti uliofanywa Marekani juu ya wagonjwa 19 waliozoea kujipima sukari. Walipewa mashine zenye kumbukumbu ndani yake bila wao kujua kuwa zinahifadhi kila kipimo. Daftari zao zilipolinganishwa na mashine, wengi walikuwa wameandika wastani wa sukari ulio chini ya ule wa kweli. Vipimo vingine havikuandikwa, na vingine viliandikwa ilhali mashine haikuvipima kabisa. Tusifikiri basi kwamba hii ni tabia ya watu wa kwetu au ya wasiosoma. Ni udhaifu wa binadamu anayetaka kumfurahisha anayemwangalia.

Sisi Waislamu tuna la kujifunza zaidi katika kisa kile. Mashine ile iliwashuhudia wasipojua, nasi tunaamini kuwa tunao Malaika waandishi watukufu wasioacha dogo wala kubwa. Anayeamini hivyo ana haja gani ya kuandika 7 mahali palipokuwa na 13?

Mwili nao huweza kunyamaza

Kuna habari nyingine isiyo sahihi ambayo mgonjwa hana kosa ndani yake hata chembe. Mgonjwa anaulizwa kama miguu inauma, anasema haiumi. Amesema kweli. Haiumi kwa sababu sukari ya miaka mingi imeharibu mishipa ya fahamu, na mguu umekufa ganzi. Anaweza kukanyaga msumari au kuchubuliwa na kiatu asijue, kidonda kikachimba hadi mfupani, na mwisho wake ukawa kukatwa mguu. Kwa hiyo katika jambo la miguu ulimi hautoshi. Soksi ivuliwe, mguu uonekane, vidole vitazamwe katikati. Sisi tunaoosha miguu mara tano kwa siku kwa ajili ya udhu tumepewa fursa ambayo wengine hawana. Mwenye kisukari aosha mguu wake na autazame, kisha aufute maji baina ya vidole. Asiyeona vizuri atazamiwe na mkewe au mwanawe.

Hali kadhalika, sukari iliyopanda huweza kukaa mwilini muda mrefu bila mtu kuhisi lolote. Anayesema kuwa anaijua sukari yake kwa kujisikia tu anautegemea ushahidi dhaifu.

Ndiyo maana kuna vipimo, navyo vina aina zake. Kipimo cha kidoleni hueleza hali ya saa ile. Mgonjwa aliyeacha dawa mwezi mzima, kisha akazinywa siku tatu kabla ya kliniki na kujinyima chakula, anaweza kupata namba nzuri siku hiyo. Kipimo kiitwacho HbA1c hueleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa kuwa huangalia sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Lakini hata kipimo hicho si malaika. Kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, mambo ambayo si mageni katika Kanda ya Ziwa, jibu lake linaweza kupotosha. Na mashine ya kidoleni nayo hudanganywa na mkono uliomenya embe usioshwe, au na stripu zilizopitwa na muda na kuachwa wazi kwenye unyevunyevu. Basi neno la mgonjwa linakihitaji kipimo, na kipimo nacho kinalihitaji neno la mgonjwa ili kieleweke.

Kuhakikisha si kutuhumu

Wapo wagonjwa wanaochukia wanapopimwa baada ya kwisha kujieleza, wakiona kuwa hawakuaminiwa. Tuwakumbushe kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipomsimulia hadithi ya kubisha hodi mara tatu, Umar alimtaka alete shahidi mwingine, na Abu Said al-Khudri (R.A.) akaja kushuhudia. Umar hakuwa akimtuhumu sahaba mwenzake. Alikuwa akililinda jambo kubwa lisije likaingiliwa. Ikiwa Abu Musa alitakiwa shahidi, sisi ni akina nani tukasirike tukitakiwa tone la damu?

Ramadhani na siri zake

Mahali ambapo ukweli huu huwa mzito kuliko pengine popote ni katika mwezi wa Ramadhani. Utafiti mkubwa ulioitwa EPIDIAR, uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 na kuhusisha Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulionyesha kuwa takriban wagonjwa 43 katika kila 100 wa aina ya kwanza, na 79 katika kila 100 wa aina ya pili, walifunga angalau siku 15. Matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka mara kadhaa katika mwezi ule. Maana yake ni kwamba watu wetu wanafunga, wawe wamewaambia madaktari au hawakuwaambia.

Katika mkoa wetu wa Mara jambo hili lina uzito wa pekee. Waislamu hapa si wengi, na muuguzi au daktari aliyeketi kliniki huenda si Muislamu na hana habari kuwa Ramadhani inakaribia. Hawezi kuuliza asichokijua. Mgonjwa asiposema kuwa amenuia kufunga, ataendelea na vidonge vilevile vya asubuhi, na adhuhuri sukari itamshuka akiwa juani. Akisema mapema, wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, daktari anaweza kubadili aina ya dawa, kiasi chake na saa zake, au akamweleza waziwazi kuwa kufunga kutamdhuru.

Na dini haikumfungia mlango. Katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na ya 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wanazuoni wamebainisha kuwa asiyetarajiwa kupona atatoa fidia ya kumlisha masikini. Tena aya ya 195 ya sura hiyohiyo inatukataza kujitupa kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizi. Wapo wanaoacha kujipima mchana kwa kuogopa kuwa tone la damu linafunguza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, lilibainisha kuwa kutolewa damu ya kupima hakufunguzi, wala sindano za tiba zisizo za lishe. Basi mwenye kisukari aliyeruhusiwa kufunga ajipime bila wasiwasi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, wataalamu wanasema afungue papo hapo, na asiwe na haja ya kumficha mtu.

Tukumbuke pia hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.), ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini kisha akapatwa na janaba. Wenzake walimwambia hawamwoni kuwa na ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali, akaeleza kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza. Majirani wanaomcheka mgonjwa anayekula mchana wa Ramadhani na waisikie hadithi hii.

Nani anayemfanya mgonjwa afiche?

Ndugu zangu, tumemsemesha mgonjwa, sasa tujisemeshe sisi. Mtu haufichi ukweli mahali ambapo ukweli unapokewa vizuri. Mgonjwa anayekaripiwa mbele ya foleni kwa kuwa sukari imepanda, safari ijayo atakuja na jibu lililopangwa. Kwa hiyo tunawaomba watoa huduma wabadili swali. Badala ya kuuliza kama mtu anakunywa dawa, jambo ambalo jibu lake linajulikana kabla, waulize ni siku ngapi katika wiki iliyopita dawa zilikosekana, na kwa sababu gani. Swali la namna hiyo linamfungulia mtu njia ya kusema bila kuaibika.

Suala la lugha nalo lisipuuzwe. Bibi aliyezoea Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo huletwa na mjukuu anayemtafsiria, na mjukuu naye huona haya kuyasema yote. Maneno ya sukari kupanda na sukari kushuka yakibadilishana katikati ya tafsiri, dozi nayo hubadilika. Ni vyema bibi aombwe aoneshe vidonge vyenyewe na jinsi anavyovimeza.

Dawa za asili pia zisifichwe. Wengi hunywa mizizi na majani pamoja na vidonge, na akiulizwa husema hatumii kitu kingine. Miongoni mwa miti hiyo imo inayoshusha sukari, na ikikutana na dawa ya hospitali yaweza kuishusha kupita kiasi. Kuitaja si aibu. Wala tusichanganye jambo hili na mafundisho ya kujisitiri. Tumeamrishwa tusitangaze maasi yetu, lakini kula bonge kubwa la ugali wa muhogo, au kukosa fedha za dawa, si maasi ya kusitiriwa mbele ya tabibu aliyekabidhiwa amana ya siri zetu.

Ama maimamu na masheikh wetu, wao wana mimbari. Khutuba moja kabla ya Ramadhani, katika msikiti wa Musoma mjini, wa Bunda au wa Butiama, inaweza kumwokoa mtu ambaye hakuna kipeperushi kitakachomfikia. Na msikiti unaokusanya sadaka unaweza kununua mashine moja ya kupimia na stripu kwa ajili ya waumini wasiojiweza. Huwezi kumtaka masikini ukweli wa sukari yake kisha ukamnyima cha kuipimia.

Mwisho, si vibaya kukumbuka kuwa Butiama ndiko alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, na miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU aliyoiongoza ilikuwamo ile ya kusema kweli daima. Wazee wengi wanaohudhuria kliniki za mkoa huu waliikariri ahadi hiyo ujanani mwao. Muislamu ana ahadi kongwe zaidi ya hiyo na Mola wake. Basi kliniki ijayo, ewe ndugu yetu, chukua daftari lako, vidonge vyako vilivyobaki na dawa zako za mizizi, viweke mezani, na useme yaliyokuwa. Nawe unayemsikiliza, yapokee kwa upole.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.